Ndoo Moja ya Kijani cha Zeituni

Saa moja na nusu asubuhi. Fundi rangi amepiga magoti katikati ya chumba chake cha kulala, anakoroga ndoo kwa ufito. Kitanda kimehamishiwa sebuleni. Mumewe, kinyozi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama Rola, hiyo si rangi ya jeshi kweli? Nitakuwa napiga saluti kabla ya kulala."

"Kunywa chai yako, baba. Ikikauka utanyamaza."

Jina la Mama Rola amepewa na wateja, kwa ile rola yake ya kupakia rangi. Kwa miaka ishirini na miwili amepaka nyumba za watu, huku chumba chake kikibaki na plasta ya kijivu. Majirani wamemtania mpaka wakachoka wenyewe.

"Ukishinda unapaka, ukirudi nyumbani hata brashi hutaki kuiona," anasema. "Halafu rangi niliyoipenda ni ya bei, si ya mfuko wangu."

Aliyoipenda ni kijani cha zeituni, kile kilichofifia kikaelekea rangi ya udongo. Aliwahi kuipaka mara moja tu, miaka minane iliyopita, chumbani kwa mwalimu mstaafu. Mchana alikaa sakafuni kula, akajikuta hataki kuinuka.

"Moyo ulitulia. Nikasema, na mimi ipo siku nitalala ndani ya rangi hii."

Ndipo akaanza kuomba masalio. Kila kazi ikiisha, humwomba mwenye nyumba kilichobaki mkebeni. Akapata kijani cha zahanati, manjano ya duka la vitabu, kahawia ya ofisi ya mawakili, na nyeusi kidogo ya kutuliza ukali wa rangi. Mikebe thelathini na mmoja, yote ya rangi ya maji, maana ya mafuta haikubali kuchanganyika nayo. Jana aliichuja kwa kipande cha chandarua. Imejaa ndoo ya lita kumi, pungufu kidogo.

Na hapo ndipo penye wasiwasi. Plasta kuukuu inakunywa rangi, na mchanganyiko huu hauna wa pili. Ikiisha njiani, hakuna duka litakalomuuzia nyingine inayofanana nayo.

Saa sita mchana mkono wa kwanza wa rangi umekauka, na rangi imekolea. Mume anachungulia. Kweli amenyamaza.

Saa tisa, akiwa kwenye mkono wa pili, Mama Rola anakwangua ndoo. Kuta tatu zimekamilika, ukuta wa nne bado kipande cha upana wa mlango. Anapitisha rola kavu mara mbili, kisha anaiweka chini.

Mumewe anaingia, anapima kile kipande kwa mikono.

"Kabati linakaa wapi?"

"Hapo hapo."

"Basi umemaliza, mke wangu."

Mama Rola anacheka mpaka anakaa sakafuni. Anabaki hapo hapo, mgongo mbali na kuta mbichi, anaomba chakula chake aletewe.

"Nimefurahi jamani," anasema, machozi yakimlengalenga.

Mwakani ni zamu ya sebule, na huko hataki masalio. Atanunua rangi mpya, mikebe ambayo haijafunguliwa, na atamwita fundi mwingine.

"Mimi nitakaa kwenye kiti, namkagua tu. Hapo umeruka, hapo rudia," anasema. "Na akiniomba kilichobaki mkebeni, nampa chote."