Fito za Ini

Nilimwonea wivu mdogo wangu, na sitafuti neno laini zaidi. Yeye anafanya kazi maabara, Arusha mjini, na akija kwetu kijijini Kikwe mwisho wa wiki Mama hutandika kitambaa cheupe mezani. Mimi ninayeishi na Mama nakula kwenye mbao tupu. Nilimshinda kwa kitu kimoja tu: maziwa. Kila asubuhi Mama alikunywa kikombe cha maziwa ya ng'ombe wangu, akisema Meru nzima hayana mfano.

Jumamosi moja mdogo wangu alinikuta uani nachambua mahindi kama Mama alivyotufundisha: mazima ya watu, yenye ukungu ya ng'ombe. Chakula hakitupwi. Akachuchumaa, akanionyesha kwenye simu picha mbili za seli za ini alizopiga kwa hadubini. Ya kwanza ilijaa nyuzi za kijani zilizonyooka. Katika ya pili nyuzi zilikuwa zimekatikakatika na seli imenywea.

"Dada, nyuzi hizi ni kama fito za nyumba ya udongo, ndizo zinazoshikilia seli. Hii ya pili tuliiwekea sumukuvu, sumu ya ukungu kama huu. Ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa. Na kuchemsha hakuiondoi."

Ala! Hata kikombe hiki kimoja anataka kuninyang'anya.

"Mama amekunywa miaka yote na yuko hapa," nikamjibu. "Nenda kawatishe panya wenu huko."

Alinitumia tu zile picha. Jumatatu jioni Mama akasema hana hamu ya kula. Pengine ulikuwa uchovu, lakini mimi niliona fito zinaanguka. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu humu ndani ni Mama.

Kesho yake nikayafukia mahindi mabovu, na maziwa nikayamwaga migombani. Mama akaja na kikombe chake.

"Ng'ombe anaumwa," nikamwambia. Kusema mdogo wangu alikuwa sahihi kulinishinda.

"Usihangaike, mwanangu. Mdogo wako ataniletea ya pakiti kutoka mjini." Akaangalia pembeni kidogo. "Yale aliyoniletea Pasaka yalikuwa matamu kuliko haya yetu. Sikutaka tu kukuvunja moyo."

Nikampa simu yangu ampigie.