Mbeba Magodoro wa Umoja Anayesimama Kuupima Upepo

Saa tatu asubuhi, Mwongeli Musau anazima pikipiki kando ya Outer Ring Road, pale majumba yanapoachana. Nyuma yake limefungwa godoro la futi nne kwa sita, limesimama kwa ubavu kama ukuta. Anatoa kipande cha leso mfukoni, anakiinua, anakitazama.

"Unatoka kushoto," anasema. Anakaza kamba ya upande huo, ndipo anawasha tena.

Wenzake wa steji humcheka. Mmoja wao, Ngigi, humuuliza kila siku kama anauza leso ama anabeba godoro. Mwongeli, mwenye miaka 31, humwambia ahesabu ni magodoro yake mangapi yameingia matope.

Ni moja tu, tena wiki yake ya kwanza, mwaka juzi. Wakati huo leso aliifunga kwenye kioo cha pikipiki. Akiwa mwendoni ilimpepea usoni, akaamini upepo uko mbele. Alipopunguza mwendo kwenye kona, ukampiga ubavuni ukamtupa mtaroni, yeye na godoro. Hibaq, mwenye duka la magodoro, akamwambia la pili likianguka, kazi imeisha.

Aliyemfungua macho ni mteja wa Pumwani, Mzee Mumin, aliyefanya kazi melini miaka kumi na tisa. Alimweleza kuwa meli ikienda hujitengenezea upepo wa mbele, nao huchanganyika na upepo wenyewe. Bendera yake huonyesha huo mchanganyiko.

"Ukipunguza mwendo, upepo unahamia ubavuni," alimwambia. "Ukitaka kuujua ule wa kweli, binti yangu, simama kwanza."

Leo ana magodoro manane ya nyumba ya wageni Buruburu, moja moja, safari nane. Yakifika yote safi, Hibaq atamwachia mizigo yote ya duka, ambayo sasa hubebwa na pikapu. Likichafuka moja, pikapu inabaki.

Saa tisa kasoro dakika chache, la nane linashushwa. Hibaq amekuja mwenyewe. Anapitisha kiganja kwenye kila pembe, taratibu, mpaka Mwongeli anaangalia pembeni.

"Mwenye pikapu nitampigia mimi," Hibaq anasema. "Wewe Jumatatu uje mapema."

Mwongeli anavua helmeti, anajifuta jasho, anacheka peke yake. Anataka pikipiki ya pili kabla ya mwaka kuisha, ya dada yake Nzilani, anayefulia watu nguo hapo hapo Buruburu.

"Nimemwambia atafute koti zito," anasema. "Tukiwa wawili, hakuna godoro litatoka Umoja bila sisi."