Supachaja ya Mzee wa Bisil

Juzi nikiwa katika gereji moja Kitengela, mfugaji wa Bisil aliomba pikapu yake ifungwe supachaja, iongezewe nguvu.

“Mzee, unashindana na nani?” akauliza fundi, mama mwenye ovaroli.

“Nilikuwa nakimbiza mke wa jirani hospitali Kajiado. Gari ikashindwa na mlima, akajifungulia humo ndani. Mtoto yuko sawa, lakini niliogopa sana.”

Fundi hakucheka. Alifungua boneti, akatoa filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, akaweka mpya. Wakaenda kuijaribu mlimani.

Mzee alirudi akipiga usukani kwa furaha. “Imepanda yenyewe!”

Wasomaji wa safu hii ya magari hupenda kuniuliza kama supachaja inafaa. Fungueni boneti kwanza.

Nilimuuliza mzee jina la mtoto.

“Walimpa langu,” akasema, akatazama chini akitabasamu.