Yaliyotoka Upande wa Makosa

Nitakalokuambia lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kisangani, mchana, macho wazi na tumbo limeshiba. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko sitakuvumilia. Nimezaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara waliotoka Butembo. Kwetu mtu akisema ameona mzuka, hupewa magunia abebe mpaka akili zimrudie. Mimi nimebeba ya kutosha, na bado nasema nilimwona.

Nilikuwa najifunza Linux, ule mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la misumari, mashine kuukuu zote zimeunganishwa kwenye moja kubwa. Mwalimu wetu, Maître Bosco, alitufundisha hivi: kila amri ina njia moja ya kuingiza maneno na njia mbili za kuyatoa. Ya kwanza hutoa majibu. Ya pili hutoa makosa, yaani malalamiko ya mashine inaposhindwa kazi. Ukichora kijistari cha wima kati ya amri mbili, umetengeneza bomba: majibu ya hii yanaingia kwenye ile, kama watu wanavyopokezana magunia wakishusha boti. Makosa hayaingii kwenye bomba. Yanapita pembeni na kuangukia kwenye skrini.

Sasa Maître Bosco hakupenda uchafu. Tangu siku ya kwanza alituzoesha kumalizia kila amri na 2>/dev/null, maana yake kuyatupa makosa yote kwenye shimo lisilo na chini.

"Makosa iko makelele," alisema. "Tupa."

Basi tukatupa. Fundi wa kweli angemshangaa, lakini sisi tungejuaje? Chumba kizima hakuna aliyewahi kusoma kosa hata moja.

Mwenzetu mmoja, Justin, alikuwa akivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kwetu, kutoka Lubunga kila siku ya somo. Kisha akakoma kuja. Aliwahi kusema kwamba atashuka mto mpaka Barumbu kutafuta samaki wa kukaushwa, kwa hiyo tuliamini ameenda huko. Mama yake pia aliamini. Ndugu walipomwambia kwamba mtoto huenda amekufa maji, wakalie matanga, aliwafukuza uani kwake. Kila jioni aliendelea kumwekea sahani ya chakula.

Siku ninayokuambia mvua ilinyesha kutwa. Wanafunzi wengine hawakuja, na Maître alikuwa ametoka kutafuta mafuta ya jenereta. Mashine zilikuwa zinatumia betri. Nilipoinua kichwa nikamwona Justin amekaa mahali pake pa ukutani, amenipa mgongo, mabega yakicheza kama ya mtu anayechapa.

"Eh, Justin, mbote. Ulipotelea wapi?"

Hakugeuka. "Niko naandika, lakini haitoke."

"Uko naandikia nani?"

"Mutu ya nyumba. Nimeandika, nimeandika. Haitoke."

Nikachungulia skrini yake kwa mbali: nyeusi tupu. Nilimhurumia, na tuseme ukweli, nilitaka pia kujionyesha mjuzi.

"Labda iko natokea kwa makosa," nikamwambia. "Si tunatupaka yote kwa shimo? Bon, ngoja nikuonyeshe."

Nikaandika kwenye mashine yangu amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye folda yake, nikaipitisha kwenye bomba hadi amri ya kupanga mistari. Safari hii sikuweka ule mkia wa shimo. Nilijua Maître ameshaifuta folda hiyo. Nilitegemea mashine ilalamike kwa Kifaransa kwamba haioni kitu, maana hiyo ndiyo lugha pekee iliyowekewa.

Ikaandika: "Yaya Régine asiningoje tena. Siko Barumbu. Niko chini ya magogo, pa beach ya Lubunga. Mulie matanga."

Niamini. Kwa Kiswahili chetu, hivyo hivyo, mstari kwa mstari, na ulipoisha ukaanza tena. Nikaongeza amri ya kuchuja, ili mistari yenye jina la Régine ibaki ndani ya bomba. Ikapita pembeni vile vile, kama makosa yanavyopita. Nikageuka kumwuliza Justin mchezo gani huu.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini si kiti kilichonitoa ukelele. Mezani pake hapakuwa na kibodi. Maître alikuwa ameihamishia kwenye mashine nyingine siku nyingi. Yule mtu alikuwa anachapa juu ya ubao wa meza.

Maître alinikuta nje kwenye mvua. Akaingia, akasoma, kwa sababu maneno yalikuwa bado pale, akakaa sakafuni. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu aliuliza tu, "Tangu lini?" Nani angejua? Tangu Justin akome kuja, tulikuwa tunatupa.

Kesho yake tulivuka na Maître hadi Lubunga, mimi ninayeuogopa ule mto. Nilimwuliza mama yake kama Justin ana dada anayeitwa Yaya Régine, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Akakaa chini polepole.

"Iko mimi," akasema. "Nilimuzaa nikiwa ningali mutoto. Mama yangu ndiye alimulea, alimukomalisha, alors akawa ananiitaka yaya, sawa watoto wote ya nyumba."

Darasani kwetu hakuna aliyelijua hilo. Wavuvi walisogeza magogo yaliyofungwa pale beach, penye kupandia pirogi, yakingoja meli. Wakamkuta. Mpaka leo nikisikia magogo yakigongana majini naondoka.

Baada ya matanga mama yule alivuka mto, akaingia chumbani kwetu, akakaa kwenye kile kiti.

"Na mimi nikiandika," akaniuliza, "itaingia kwake?"

Maître akatazama dirishani. Ikabidi niseme mimi. Upande ule ni wa kutokea tu, hauna mahali pa kuingizia neno.

"Hapana, mama. Inatokaka tu."

Hakulia. Aliweka viganja vyake juu ya meza, pale pasipo na kibodi, akakaa hivyo mpaka pirogi za mwisho.

Leo nafanya kazi ya mashine, na wenzangu wananicheka kwa sababu skrini yangu imejaa makosa. Situpi hata moja. Wacheke. Wewe unayeanza kujifunza, ukiambiwa utupe, soma kwanza. Mengi ni mashine inalalamika bure. Lakini akiwepo mtu anayekuita kutoka huko, kumjibu hutaweza, hata ukilia. Kumsoma tu ndiko kulikobaki mikononi mwako.