Ng'ombe wa Jembe Hufunguliwa Saa Nne

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu Akinyi, ingawa kwa miaka mingi sikupenda kuisimulia. Ilikuwa siku ya karatasi ya hesabu, mtihani wa darasa la nane, hapa hapa Lambwe. Nilisoma swali la kwanza, nikaandika jibu. Nilipofungua macho, msimamizi alikuwa amesimama kando yangu, na wenzangu walikuwa wamefika ukurasa wa mwisho.

Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na redio. Mjomba wangu aliyekata miwa Awendo alinipa ile yake ya zamani, na tangu hapo nililala nayo chini ya blanketi, nimeibana sikioni: rumba, mpira, salamu za wasikilizaji, hata matangazo ya vifo vya watu nisiowajua. Asubuhi nilianika betri juu ya mabati ili zipate nguvu tena, kisha nikaenda kusinzia darasani. Betri nilizionea huruma kuliko kichwa changu.

Matokeo yalipotoka, babu yako, huyu tuliyemzika mwezi uliopita, hakunipiga. Aliniweka nyuma ya jembe la ng'ombe. Nililima kwa hasira. Saa nne, jua lilipoanza kuchoma, akaanza kuwafungua ng'ombe.

"Baba, tumalize hiki kipande," nilimwambia. "Bado wana nguvu."

"Hiyo ni nguvu ya kesho. Ukiila leo, kesho utavuta jembe mwenyewe." Akakunja kamba polepole, akaniangalia. "Hawa mimi nawafungua. Wewe, nyathina, mwanangu, nani anakufungua?"

Nafasi ya sekondari ilikuwa imepita, na majuto ni mjukuu. Kwa aibu nilimwambia hesabu zilikuwa ngumu. Amekufa bila kusikia ukweli kutoka kinywani mwangu. Pengine aliujua, zile betri zilikuwa juu ya paa lake.

Siku za matanga nilikuona. Wageni walipolala, uso wako ulikuwa kwenye mwanga wa simu, na asubuhi ulisinzia watu wakimwimbia babu yako. Nikajiambia ni huzuni, nikanyamaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Halafu ukaniambia mwenyewe kwamba umeanguka karatasi tatu, utazirudia mwezi ujao, na ukianguka tena chuo kitakuondoa. Nilipogusia simu ulinijibu, "Baba, siku hizi masomo yote iko kwa simu."

"Yote? Hata hiyo inakuchekesha saa nane ya usiku?"

Ulicheka kidogo, kisha ukaificha simu mfukoni.

Mwanangu, sikuambii uitupe. Sijui chuo kinavyofundisha, maana mimi niliishia darasa la nane. Lakini kukosa usingizi nakujua. Kunamfanya mtu asome ukurasa mmoja mara tatu asibaki na kitu, na bado aamini amesoma. Mtaka yote hukosa yote. Kwa hiyo saa ya kulala ikifika, mpe mwenzako wa chumba simu yako aiweke upande wake, na umweleze kwa nini bila kuona haya. Kama ni ya kukuamsha, nunua saa ndogo ya mezani. Nenda darasani ukiwa umelala, na usipoelewa jambo, muulize mwalimu mchana, usilitafute usiku kucha. Siku za kwanza mkono utaitafuta gizani. Uvumilie. Na ukishindwa, usinidanganye kama nilivyomdanganya baba yangu. Nipigie useme, "Baba, nimelemewa," nami nitakuja huko, hata kama ni siku ya kupanda.

Mungu aliyempa babu yako miaka mingi akupe na wewe usingizi mzito. Akuamshe na kichwa chepesi, na karatasi hizo tatu zikukute uko macho.