Mwanapili, fundi wa kuruka anayeanguka kila Ijumaa

Saa nane na nusu mchana, Ijumaa. Wanaume wa mtaa wa Mkunazini washatoka msikitini na washakula pilau yao. Kwenye chumba cha chini cha nyumba moja ya mawe, Bi Mashavu Kheir, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anapiga ukelele unaosikika mpaka dukani kwa muuza vitambaa.

"Nakufa! Nakufa mie, Mwanapili!"

"Hufi, Bi Mashavu. Shusha mabega. Anayekufa ni huyo kwenye tivii, na atafufuka sasa hivi."

Kwenye televisheni, kijitu chenye shati la kijani kimetumbukia shimoni kwa mara ya kumi na moja. Bi Mashavu, ambaye asubuhi huuza vitumbua sokoni Darajani, kashainuka kitini na pedi ya kuchezea mkononi, maana kila kijitu kikiruka na yeye huruka. Wanawake watatu walioketi mkekani wanacheka mpaka wanafuta machozi kwa ncha za kanga.

Mwanapili Ubwa hacheki. Anamkalisha Bi Mashavu, anainama nyuma ya kiti na kumwekea vidole mahali pake, kimoja kimoja.

"Kidole cha kushoto ndiyo miguu. Cha kulia ndiyo kuruka. Usiruke pale tu unapoliona shimo. Nenda mpaka ukingoni, karibu uanguke, hapo ndo uruke. Ukigusa kidogo, huruka kidogo. Ukishikilia, huruka mbali."

"Na nikianguka tena?"

"Waanza upya. Humu hapana anayekusema."

Hiyo ndiyo kazi ya Mwanapili, mwenye miaka thelathini na saba: kuwaanzisha watu gemu. Wenye kuandika habari zake huziita gemu za majukwaa, kwa sababu mchezaji hukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, akikwepa mashimo na maadui, mpaka afike mwisho wa hatua. Kwa Mwanapili ni gemu za kuruka, basi. Vibanda vya gemu mjini viko tele, lakini ingia uone: vijana, mpira na matusi. Chumba chake, kuanzia saa nane hadi kumi na moja, ni cha wanawake na watoto, na kila mgeni huanza kwa kuruka.

"Mpira una sheria mia," anasema. "Kuruka sote twajua tangu udogoni. Tumesahau tu."

Hakusomea popote. Amezaliwa Mkokotoni, na kwa miaka sita alikuwa msafishaji katika hoteli moja ya watalii, pwani ya Kendwa, iliyokuwa na chumba cha michezo ya watoto. Kila akimaliza kupiga deki, alijaribu gemu kidogo.

"Nlianguka, we! Wiki nzima sikuvuka shimo la kwanza. Nkaona hapa pana jini."

Hoteli ilipouza vitu vyake vya zamani, alinunua mashine na televisheni kwa laki mbili na nusu, akiba yake yote. Leo nusu saa ni shilingi elfu moja kwa pedi, na pedi ni mbili. Siku njema hupata elfu kumi na mbili, na kodi ya chumba ni elfu sabini kwa mwezi. Utajiri haumo humo, na yeye haudai.

"Watu huniuliza, faida yako ipi? Mie faida yangu ni saa kumi ya Ijumaa."

Saa kumi ya Ijumaa hupiga simu Faiza, mwanawe wa pekee. Ana miaka kumi na mitatu na anaishi ng'ambo, Muscat, na baba yake, Msabah. Wazazi walipoachana, Msabah alikuwa na kazi huko, na skuli nzuri ilishapatikana. Mwanapili hakuwa na kitu. Alisema mpeleke, na mtoto wa miaka sita akaenda. Hajamtia machoni tangu siku hiyo, miaka saba sasa.

"Nlisema mwenyewe kwa mdomo wangu," anasema. "Sasa nende nkamdai kwa sura gani? Nliogopa babake atakasirika, na hata hizo simu zitakatika. Asiyekuwapo na lake halipo."

Mwanzoni simu zilikuwa fupi mno. Hujambo? Sijambo. Umekula? Nshakula. Skuli? Nzuri. Baada ya dakika nne mtu anaaga. Mwanapili alikuwa akiiweka simu chini na kulia kwa hasira, maana mwana ni wake na hana la kumwambia.

Gemu ndiyo iliyowafungua vinywa. Miaka miwili iliyopita Faiza alipata mashine kama ya mama yake, wakaunganisha kwa intaneti gemu ya kuruka ya watu wawili: kijitu cha kijani ni mama, cha njano ni mwana. Gemu hiyo ina jambo lake. Mmoja akibaki nyuma, picha haisogei, na aliyetangulia hana budi kumngoja mwenzake.

"Ikawa ni mama ruka, mama ngoja, mama huku! Siku moja nlihesabu. Aliniita mama mara thelathini na saba."

Gemu yao ina hatua arobaini. Mpaka Ijumaa hii, wako kwenye ya arobaini kwa wiki ya tisa.

Saa kumi inapofika wateja wanatoka wenyewe, wanajua. Anabaki Bi Mashavu anayemalizia chai yake. Simu inawekwa sauti ya juu, vijitu viwili vinakimbia, na mbele ya lango la mwisho pana shimo pana. Cha njano kinavuka. Cha kijani kinaruka mapema, kinatumbukia. Kinarudi, kinaruka mapema tena. Mara ya tatu. Mara ya nne.

Bi Mashavu anavumilia, kisha inamshinda.

"Fundi gani wewe! Si umenambia mimi niruke ukingoni?"

Mwanapili anaziba simu kwa kiganja. "Nikivuka imekwisha," ananong'ona. "Ikisha, atanipigia kwa lipi?"

Bi Mashavu anakiweka kikombe chini.

"Mama," inaita simu.

"Naam, mwanangu."

"Unaanguka makusudi."

"Nani kakwambia?"

"Hatua ya thelathini na nane ilikuwa na shimo kubwa kuliko hili, na ulivuka mara moja. Nshajua zamani."

"Mbona hukusema?"

"Nlikuwa nnangoja useme wewe."

Mwanapili anaiweka pedi mapajani.

"Nnakutaka, Faiza," anasema. "Nnataka uje. Si kwa gemu. Nnataka nikusuke, nikupikie, nikutazame umelala. Nlikupa ruhusa uende, na mpaka leo hapana siku nisiyojuta. Haya, nshasema."

"Nitamwambia baba," anasema Faiza, na sauti yake imekuwa ndogo. Halafu: "Sasa ruka, mama. Ruka kweli."

Akaruka. Kijani na njano vikaingia langoni pamoja, muziki ukapigwa, maandishi yakapanda na televisheni ikawa nyeusi. Huko ng'ambo mtu alimwita Faiza kwa chakula, na simu ikakatika kabla ya kuagana. Mwanapili alilia waziwazi, na Bi Mashavu akamkumbatia pale pale mkekani.

"Ushasema. Maji yakimwagika hayazoleki."

Wiki nzima halikuja jibu kutoka kwa Msabah. Mwanapili naye hakukaa bure. Kamwomba mwenye nyumba chumba kidogo cha nyuma, kakipaka chokaa, na kanunua chandarua. Skuli ya Faiza hufungwa Disemba, na tangu sasa anaweka elfu tatu kila siku kwa ajili ya nauli. Msabah akikataa, anasema, atatafuta pasipoti aende mwenyewe abishe hodi mlangoni kwao.

"Kuogopa nshaogopa vya kutosha," anasema.

Ijumaa iliyofuata, saa kumi inafika na simu haiiti. Televisheni imezimwa. Saa kumi na robo, bado. Mwanapili anapanga pedi, anazipangua, anazipanga tena. Saa kumi na nusu anawaambia wanawake walioko nje waingie wakacheze, maana hapana cha kungojea.

Hawajavua viatu, simu inaita.

"Mama, samahani, nlikuwa nnazungumza na baba. Anataka kukupigia kesho." Kisha, haraka haraka: "Leo hamna gemu. Nimepiga tu."

Mwanapili anawapungia mkono wateja watoke, anafunga mlango kwa komeo na kukaa chini, simu sikioni. Wanawake wanangoja barazani zaidi ya saa nzima, na hapana anayegonga.