Siku ya Mlolongo, Uriri

Nakumbuka asubuhi ile nilipookota kipande cha mkaa na kuandika hesabu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga, hapa Uriri. Mwanangu, ukuta ule ulishabomolewa, na mashine yenyewe iliuzwa kama chuma chakavu, lakini ile hesabu mvua haijaifuta.

Ilikuwa miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, nami nikarudishwa nyumbani na vitabu vichache na ubishi gunia zima. Nilihoji kila kitu. Nilimhoji mchungaji, nikamhoji chifu, nikahoji hata kwa nini tunakiombea chakula kilichokwisha kuiva.

Wakati huo chama chetu kilikuwa kinamtafuta mtu wa kugombea urais. Mzee tuliyempenda alikuwa hoi. Fedha zilimwishia, na wenzake walikuwa wakimhama mmoja mmoja. Kila tawi lilitakiwa kupiga mlolongo: picha za wagombea zinashikwa uwanjani, kila mtu anajipanga nyuma ya amtakaye, na wajumbe wanakwenda Nairobi na jina la mwenye mstari mrefu. Hakuna kujificha. Jirani anakuona, mkwe anakuona.

Tukiwa tunangoja zamu ya kusaga, ubishi ulikuwa huo huo: je, bado anaweza?

"Anaweza," alisema Mwita, kijana wa Kehancha aliyeendesha mashine. "Fahali akipiga magoti hajachinjwa."

"Omera, ndugu yangu, huyo ameshachinjwa, anangoja chumvi," mtu akamjibu, na watu wakacheka.

Ndipo nikaokota mkaa. Nikaandika matawi ya Migori, wilaya yetu, nikaandika ya Homa Bay hadi Magunga, nikayafuta yaliyosemekana yamehama. Kisha nikapiga mstari chini.

"Hata mkisimama nyuma yake ninyi nyote na mbuzi wenu," nikasema, "hawezi. Haya si maoni, ni hesabu."

Shangazi Akeyo, dada ya baba yangu, alikuwa kwenye foleni, debe la mahindi miguuni pake. Aliutazama ukuta kwa muda.

"Nyathina, mwanangu," akaniuliza, "kesho utasimama wapi?"

"Shangazi, huyo atashindwa."

Alilisukuma debe lake mbele kwa mguu.

Ngoja nikueleze ni kwa nini aliuliza. Mumewe alikuwa mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kuikosoa serikali waziwazi, na alipokufa watu waliogopa kuonekana kwenye mazishi yake. Walimu wenzake walipita barabarani wakitazama upande wa pili. Mzee yule, wakati huo hana cheo chochote, alikuja, akavua koti, akashika sepetu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msemo huo sikumsikia shangazi akiutamka, lakini ndiye peke yake aliyekubali kuishika picha ya mzee siku ya mlolongo. Hakutaka kitu. Alitaka tu mzee apate habari kwamba Uriri walikumbuka.

Kesho yake uwanja wa shule ulijaa. Mstari wa mpinzani ulizunguka goli ukarudi. Nyuma ya shangazi walikuwa wazee wachache, na Mwita, unga ungali kwenye nyusi. Niliwasikia watu wakimpita.

"Msomi ameshapiga hesabu. Ya nini kujichosha?"

"Tusimame na anayeshinda, angalau tupate barabara."

Na mimi? Sikusimama popote. Niliegemea ua wa shule, mikono mfukoni, mtazamaji. Nilidhani huko ndiko kuwa na akili. Shangazi alinitazama mara moja, kisha akaiinua picha juu zaidi, kana kwamba anamwonyesha mtu aliye mbali.

Tulirudi pamoja, yeye na picha kwapani.

"Nilisema ukweli tu," nikamwambia. "Si umeona hesabu imetimia?"

"Nilikuuliza utasimama wapi, ukanijibu nani atashinda. Hayo ni maswali mawili, baba." Tukatembea kidogo. "Mume wangu naye alijua hesabu. Si ndiyo aliyokuwa akifundisha?"

Jioni alinipakulia ugali na osuga, mboga chungu niliyoipenda tangu utotoni, akanipa mimi kwanza. Angenitukana, ningepata la kubishia.

Haukupita muda mrefu mzee akajitoa. Baadaye nilikutana Homa Bay na kijana wa Magunga tuliyesoma naye. Akanisimulia, akicheka, jinsi alivyowathibitishia watu wa kwao kwamba mzee hawezi, kwa kuwa Migori yote imeshahama. Nikacheka naye. Kisha nikaukumbuka ukuta wa mashine. Mimi nilikuwa nimelifuta tawi lake, naye amelifuta langu, kabla hata mtu mmoja hajasimama uwanjani. Hesabu zetu hazikutabiri kitu, mwanangu. Zilikuwa ndani ya mlolongo, na zilikuwa nzito kuliko watu.

Je, mzee angeshinda? Sijui. Pengine angeshindwa vilevile, nami mpaka leo siwezi kuapa. Lakini shangazi asingesimama karibu peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilikuwa kidole nikakaa mfukoni. Tulipomzika shangazi nilisimama mbele kabisa, karibu na jeneza. Kusimama pale ni rahisi, marehemu haombi kura. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo sikukatazi kuhoji. Hoji, na ukijua hesabu, isome kwa sauti. Ila ukiulizwa utasimama wapi, usijifiche nyuma ya nani atashinda. Jibu ulichoulizwa, halafu nenda ukasimame, hata mstari uwe mfupi.

Mungu akupe macho ya kuiona hesabu, na miguu isiyoiogopa. Na siku utakapoishika picha yako peke yako uwanjani, akuletee walau mtu mmoja nyuma yako, mwenye unga kwenye nyusi.